Kiti cha Mjomba Kondo

Morogoro,
3 Agosti 1955

Kwa mpwa wangu Mwishehe,

Salamu zikufikie wewe, mkeo Mwamvita na mtoto wenu. Mie sijambo, kifua kimetulia tangu baridi ianze kupungua. Mvua huku zilikata mapema, mahindi ya watu yamekauka shambani. Mkaza mjomba wako anakusalimu, na kanga mliyomletea mwaka juzi bado anaivaa kwenye shughuli.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Yule Mgiriki mwenye shamba la mkonge, ninayemwendeshea, ana kigari cha mbio cha watu wawili. Ni chekundu, hakina paa, na ni chepesi hata wanaume wanne hukinyanyua wakakihamisha. Kila mwaka hukipeleka Pugu, Wazungu wanaposhindana kupanda kilima kwa magari. Safari hii mgongo umemshinda. Ameniambia nitakiendesha mie, mwezi wa Januari, na wenziwe wa chama wamekubali shingo upande. Hawajapata kumwona mtu mweusi akishika usukani pale. Nikiharibu, hataitwa mwingine.

Taabu ni kiti. Mgiriki ni mfupi, na kila kitu humo ndani kiliwekwa kwa mwili wake. Nikikaa mie, goti linapanda mpaka kwenye usukani, kiwiko kinagonga mlango, na mgongo unawaka moto kabla sijafika hata Kingolwira. Wewe ni fundi wa viti, nasikia siku hizi hata magari ya Wahindi unayashonea. Nataka kiti kinachonikaa. Nijibu upesi.

Ni mie mjomba wako,
Kondo


Temeke, Dar es Salaam,
29 Agosti 1955

Kwa Mjomba Kondo,

Shikamoo. Naiandika kwa heshima ya mama aliyenifundisha kuamkia. Sie hatujambo. Mtoto ameota meno, hatulali. Mwamvita anauza maandazi asubuhi, na paa tumeliezeka upya upande wa jikoni. Habari za nyumbani ndizo hizo.

Moja umeiruka, basi nikukumbushe. Mama yangu Mwanakombo, dada yako, amekufa. Alikufa mwezi wa Februari. Barua yako nimeisoma nikaigeuza nyuma, nikidhani labda umemtaja huko. Hukumtaja.

Tulikupelekea simu ya maandishi asubuhi ileile. Tukamchelewesha mpaka alasiri, shehe akinung'unika, tukikungoja wewe. Aliposhushwa, mie nilikuwa miguuni. Mahali pa kichwani, pako wewe ndugu yake wa tumbo moja, aliingia Bakari muuza mkaa. Si maharimu wake, hana undugu naye wowote. Watu wameshika shuka juu ya kaburi, wanatazamana, na mie naona haya kwa ajili yako. Arobaini ikapita, hukuja wala hukuandika. Leo umeandika kwa ajili ya magoti yako.

Kiti nitakitengeneza, maana kazi ndiyo inayonilisha. Lakini kiti cha kigari cha namna hiyo hakishonwi kwa kukisia. Mwenyewe hukaa, fundi akapunguza hapa, akaongeza pale, mpaka mtu asahau kuwa amekaa. Kwa hiyo njoo Temeke. Kabla hujakaa kwenye kiti changu utakwenda makaburini ukamwambie mama ulikuwa wapi siku ile. Hutaki, basi punguza miguu.

Mwishehe


Morogoro,
9 Septemba 1955

Mwishehe,

Salamu. Hapa hatujambo. Mbuzi wa jirani amekula miche yangu ya mipapai yote, tumepelekana kwa jumbe.

Zamani mpwa akimwambia mjomba wake "punguza miguu" alikuwa halali nyumbani siku hiyo. Nyie mliozaliwa mjini mmefundishwa mambo. Dada yangu alinibeba mgongoni, nikampenda kuliko unavyojua wewe, na sikubaliani kuhojiwa juu yake na mtoto niliyemnawisha. Nilikuwa wapi najua mie na Mungu wangu. Hata nikikupa sababu leo, sababu haishuki kaburini. Aliyeshuka ni Bakari, na ndivyo itakavyokuwa mpaka Kiyama. Usiniulize tena.

Temeke siji. Kigari anakileta Albano, dereva mwenzangu, Mluguru wa watu, mtu wa kanisani. Hana kosa lolote kwako, usimtukane kwa niaba yangu. Wala usimpeleleze, nimemwambia afunge mdomo.

Kondo


Temeke,
2 Oktoba 1955

Kwa Mjomba Kondo,

Shikamoo. Mtoto aliugua tumbo, amepona. Jumbe wenu natumaini amekupa haki, ingawa mwenye mbuzi namwonea huruma kukutana na wewe.

Kigari kimefika. Mtaa mzima umekuja kukitazama, wazee wakasema hiki ni kitanda cha mtoto kimetiwa magurudumu. Albano nimemlisha vizuri na hakusema kitu. Nilimuuliza tu habari zako, akatazama sahani.

Kiti nimekitoa. Fundi aliyekishona alishona vizuri, sitamsingizia, ila amemkalisha mtu kama yuko mezani kwenye chakula. Gari hili mtu hakai, anajilaza nusu, miguu mbele. Paja lazima lishikwe mpaka karibu na goti, usukani usiguse kitu, na mkono ufike bila bega kutoka mgongoni. Tofauti ya vidole viwili inamchosha mtu, na dereva aliyechoka hukosea.

Umekataa kuja. Basi nitumie vipimo. Kaa sakafuni, egemea ukuta, nyoosha miguu. Mtu achukue fito, apime kutoka kiunoni mpaka kisiginoni, kila mguu na ufito wake, na kutoka begani mpaka kwenye ngumi. Azikate, azifunge pamoja, umpe mtu wa treni. Mie kamba siiamini, inavutika.

Mwishehe


Morogoro,
11 Oktoba 1955

Mwishehe,

Salamu. Sina habari za kukupa, moyo umechafuka.

Unaniomba fito. Umekua Temeke, umezika, unajua vizuri ufito hupimiwa nani. Mtu akishalala na hana habari ya dunia, ndipo hukatwa ufito wa urefu wake ukapelekwa kwa wachimbaji. Ukanitaka na mie nilale ukutani, nipimwe, fito zifungwe ziletwe Dar es Salaam. Mkaza mjomba wako nilipomsomea alitoka nje, na mpaka sasa hataki jina lako litajwe humu ndani. Kama unanichimbia, sema.

Sipimwi. Chukua mwili wako ufanyie kazi. Mama yako tangu ulipoota ndevu alikuwa akisema ukisimama kizani watu husalimia "Kondo, habari za safari?" Urefu ni mmoja, mifupa ni ileile. Kaa wewe, kikikukaa wewe kitanikaa mie. Mashindano ni Januari na Mgiriki ameanza kusema labda ampe Albano.

Kondo


Temeke,
20 Novemba 1955

Kwa Mjomba Kondo,

Shikamoo. Mwamvita ana mimba, ndiyo habari njema tuliyo nayo. Mvua za vuli zimetutoa jasho, maji yameingia mpaka kwenye karakana.

Kazi imekwisha na Albano ataondoka na kigari kesho. Nimefanya ulivyotaka, nimekaa mwenyewe. Kiti nimekirudisha nyuma vidole vinne na kukishusha mpaka karibu na sakafu. Chini nimeweka makumbi ya nazi yaliyosukwa, juu yake sufi, halafu ngozi. Egemeo nimelilaza. Mlangoni, pale kiwiko kinapogonga, nimekwangua mbao na kupigilia ngozi laini.

Jioni ya mwisho nilikaa humo nikafumba macho. Hakuna kilichonigusa pasipotakiwa. Fundi hufurahi hapo, mie nilichukia. Miguu hii ndiyo iliyosimama kaburini mwa mama, na kumbe ni yako. Nilishuka nikanawa.

Usinishukuru. Kwa kweli sikutegemea.

Mwishehe


Morogoro,
1 Desemba 1955

Mwishehe,

Salamu, na Mungu amjaalie mkeo ajifungue salama.

Umenitegea. Nilikaa kwenye kiti chako jana, na mgongo na mikono na mguu wa kushoto vyote vikanyamaza, nikasema kumbe mtoto anajua. Nikashusha mguu wa kulia kutafuta breki. Haufiki. Naigusa kwa ncha ya kidole tu. Nilikiteremsha kigari kwenye mteremko wa kiwandani, nikasimamishwa na rundo la mkonge. Watu walicheka. Mgiriki hakucheka. Ulitaka nife Pugu mbele ya Wazungu?

Mkaza mjomba wako ameisoma mistari hiyo hapo juu, ameniambia naandika uongo. Amesema kama sitaki kusema, ataandika yeye. Basi nisikilize, na ukimaliza usinirudishie neno juu yake.

Mguu wangu wa kulia ni mfupi. Umekuwa mfupi tangu Februari. Simu yenu ilipofika treni ilikwisha ondoka, Mgiriki akasema chukua kigari. Nikakaa kwenye kiti chake, magoti yamenasa kwenye usukani, nikasema ni mwendo wa saa chache, nitavumilia. Karibu na Ngerengere ng'ombe walikatisha njia. Nikatoa mguu kwenye mafuta niupeleke kwenye breki, na goti likakwama chini ya usukani. Mguu ulivunjika mahali pawili. Mlipokuwa mkimngoja mtu alasiri ile, nilikuwa nimelazwa kwenye lori la mkonge, kichwa kuelekea Morogoro.

Ukiniandikia pole nitaichoma moto.

Kondo


Temeke,
14 Desemba 1955

Kwa Mjomba Kondo,

Shikamoo.

Sikupi pole. Umekataa, na mie si mkarimu.

Nitakwambia kitu kingine. Miezi kumi nimekutukana. Nikienda kumpalilia mama majani nilikutukana palepale juu ya kaburi, mpaka Mwamvita akawa haniandami tena. Nimewaambia watu wa mtaa huu wote kwamba mama alikuwa na ndugu aliyemwona hana thamani ya nauli. Wewe ulikuwa umelala na mguu umefungwa mbao, una mke anayejua kusoma na kuandika, na hukutuma neno moja. "Nimevunjika" ni neno moja. Ningekuja Morogoro kwa miguu. Uliona bora nikuchukie kuliko nikuonee huruma. Haya, umepata ulichotaka. Bado nakuchukia, ila sasa sina hata raha nayo.

Na fito ulizikataa si kwa sababu ya mkosi. Ulijua ufito wa kulia utakuja mfupi.

Albano alikuja Ijumaa na kigari. Breki na mafuta nimezipandishia vipande vya mbao ya mninga, na juu yake nimepigilia mpira wa tairi ili kiatu kisiteleze. Chini ya paja la kulia nimeongeza sufi, ule mguu usining'inie. Pugu si mbali na kwangu. Ukimaliza mashindano yako, nyumba unaijua na makaburi yako kando ya barabara. Sikubembelezi. Nakwambia ilipo njia.

Mwishehe


Temeke,
17 Januari 1956

Kwa Mjomba Kondo,

Sikuamkii.

Habari za Pugu zilitufikia jioni ileile. Wamesema umekuwa wa tatu, na Wazungu wawili waliokutangulia walikuja kukushika mkono. Bakari alirudi amekauka sauti kwa kukushangilia. Hongera.

Mwamvita alichinja jogoo. Sikumwambia achinje, wala sikumkataza. Tulikaa barazani kungoja. Injini ile naijua, nimeisikiliza wiki nyingi karakanani kwangu, niliisikia tangu ikiwa mbali. Watoto wakakimbia. Ukaja unapunguza mwendo, Mwamvita akanyanyuka akaingia ndani kupakua. Ukatazama mbele, ukapita. Temeke si njia ya Morogoro, Mjomba. Ulikuja mpaka kwangu ili upite.

Breki nimekuwekea mahali mguu wako unapofika bila taabu. Usiposimama sasa, hilo si kosa la kiti tena. Mama amekuwa huko karibu mwaka mzima na hujamsomea hata Fatiha. Nilikupa njia mbili za kuja na zote umezifunga. Ukitaka kiti kingine tafuta fundi, wako wengi Kariakoo. Mie mjomba sina pa kumtafuta mwingine, nitakaa bila.

Mwishehe mwana wa Mwanakombo


Morogoro,
30 Januari 1956

Mwishehe,

Salamu kwako, kwa Mwamvita na kwa mtoto. Hapa wazima. Mwambie Mwamvita aniwie radhi kwa jogoo.

Nianze na kiti, kwa kuwa ni haki yako. Kimenikaa. Kilima chote sikulikumbuka goti, nilikumbuka kona tu. Yule Mgiriki amekaa humo, miguu haifiki popote, amesema basi, kigari hiki sasa ni cha Kondo kuendesha. Hilo umelifanya wewe.

Sasa ya pili. Sikuja Temeke ili nipite. Kabla sijafika mlangoni kwako nilikwisha kwenda kwake. Mzee anayetunza makaburi alinionyesha, kaburi lenye mkangaja pembeni, limepaliliwa vizuri. Nilikifikisha kigari mpaka njia ilipokwisha. Ilibaki hatua chache. Nikataka kushuka.

Nilikwambia mguu ni mfupi, sikukwambia goti halikunjiki. Kuingia naingia, najiachia nikaanguka ndani. Kutoka, Albano hunishika mikono yote miwili akanivuta. Kigari kiko chini mno, na kiti chako kimeshika mtu mapajani na kiunoni, ndiyo uzuri wake. Albano nilikwisha mrudisha kwa treni. Sikutaka mtu awepo nikionana na dada yangu. Nilisukuma kwa mikono, nikajiegemeza mlangoni, nikajaribu kwa upande, shati likalowa. Yule mzee akauliza anisaidie, nikamfokea. Akaenda zake.

Basi nikamsomea Yasini nimekaa humohumo, namtazama kutoka kwenye gari. Dada yangu aliyenibeba, na mie nimeshindwa hata kushuka nimshike udongo. Nililia, ukitaka kujua. Kisha nikarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Nilipopita kwako macho yalikuwa hayatazamiki, ndiyo maana nilitazama mbele.

Sikuandiki ili unihurumie. Nimeandika kwa sababu umesema sijamsomea, na hilo sikubali lisemwe. Usinijibu.

Kondo


Temeke,
6 Februari 1956

Kwa Mjomba Kondo,

Shikamoo.

Umesema nisijibu, nami najibu. Habari za hapa baadaye.

Mtu asemaye nusu ya ugonjwa hupata nusu ya dawa. Ungeniambia goti halikunjiki, ningekikata kile kizingiti cha mlango, ningekuwekea mkanda wa ngozi mbele wa kujivutia. Ni kazi ya siku moja. Umekuwa na mwaka mzima wa kulisema.

Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Kutoka pale makaburini mpaka barazani kwangu si mbali, honi ya gari tunaisikia. Nilikuwa nimekaa hapo, sina kazi yoyote, nakungoja.

Ungepiga honi. Ningekuja na ndara zangu miguuni, ningekushika kwapani nikakutoa humo. Ningekutukana hatua zote mpaka kwa mama, na nisingekuachia.

Mwishehe